Nilivyochora programu ya depo ya unga kabla ya kuiandika

Mama mmoja mwenye depo ya unga wa mahindi katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, alinipa kazi ya kumtengenezea programu ya mauzo. Maelezo yake yalikuwa mafupi: "Nataka nijue nani ana deni langu." Nikaanza na karatasi na kalamu, maana umeme hapa una saa zake.

Nilichora kwa UML, lugha ya michoro iliyounganishwa na Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson, ikapitishwa mwaka 1997 na OMG, shirika la viwango vya programu. Toleo la 2.5 lina aina 14 za michoro. Nilitumia tatu, na kwa depo moja sioni ya nne ingefanya nini.

Mchoro wa matumizi ulinionyesha tu nani atagusa kompyuta na nani hataigusa. Wabebaji wa mifuko wakatoka kwenye mchoro.

Mchoro wa madarasa, yaani aina za vitu ambavyo programu inatunza na jinsi vinavyohusiana, ulinichelewesha kidogo. Mteja wa hapa hulipa dola, huongezea faranga, na salio huleta wiki nyingine, dola ikiwa imeshabadilika bei. Kwa hiyo fakture (ankara) moja ina malipo kuanzia sifuri hadi mengi (ni sifuri kwa sababu mzigo hutoka hata kwa deni), na bei ya dola ya siku ile huandikwa kwenye kila malipo. Ukiiweka kwenye fakture, hesabu ya deni itakuwa ya uongo.

Uliozaa zaidi ni mchoro wa hali: visanduku ni hali za fakture, mishale ni njia za kutoka hali moja kwenda nyingine. Niliandika ndani ya visanduku maneno ya mama mwenyewe: imeandikwa, mzigo umetoka, imelipwa yote, imefutwa. Kisha nikamsomea mshale kwa mshale.

"Mama, mzigo ukishatoka, fakture inaweza kufutwa?"

Akacheka. "Mwanangu, ifutwe na nani? Mzigo umeshaenda!"

Akachukua kalamu, akakata mshale ule, halafu akachora wake: kutoka "mzigo umetoka" kwenda upande, mahali patupu. Nikamuuliza kule ni wapi. Ni mifuko iliyonyeshewa njiani, mteja anairudisha. Deni linapungua, lakini unga ule hauingii tena kwenye stoki ya kuuzwa. Tulikuwa tumeongea mara nyingi na jambo hilo halijawahi kutajwa, kwa kuwa kwake ni la kawaida mno. Nikaongeza kisanduku "mifuko imerudishwa", na kwenye madarasa nikaongeza marejesho, mbali na stoki.

Baadaye michoro niliihamishia kwenye PlantUML. Unaandika mistari ya maandishi, yenyewe inachora, na faili linakaa pamoja na msimbo wa programu, hivyo kila badiliko linaonekana. Michoro ya kuburuta kwa mausi ni mizuri kwa macho, lakini sheria ya depo ikibadilika hakuna anayerudi kuirekebisha. Mama mwenyewe faili hilo halimhusu. Kila akitaka jambo jipya, namchapishia mchoro wa hali na kumpa kalamu.