Jina Moja kwenye Lebo, Mafuta Mawili Tofauti

Mwaka jana nilitengeneza mafuta ya kupaka hapa Kampala kwa vipimo vilevile nilivyozoea, na kesho yake nikayakuta yamekuwa magumu, yamejaa chembechembe kama za sukari. Nilikuwa nimebadilisha kitu kimoja tu: badala ya shea, yaani mafuta ya kokwa za mti wa shea, ninayoletewa kutoka Lira, kaskazini mwa Uganda, nilinunua dukani shea iliyoagizwa kutoka Afrika Magharibi. Lebo zote mbili ziliandikwa Butyrospermum Parkii Butter.

Jina hilo si la uongo, lakini linaeleza machache. Linataja mmea na aina ya zao lake, basi. Halisemi kwamba mti wa shea una jamii ndogo mbili, yaani paradoxa wa Afrika Magharibi, na nilotica, unaoota kwetu kaskazini mwa Uganda na katika nchi jirani kama Sudani Kusini. Mafuta ya nilotica yana asidi ya oleiki, inayolainisha mafuta, nyingi zaidi, na ya steariki, inayoyafanya magumu, kidogo, ndiyo maana shea ya maeneo yetu ya Lango na Acholi, ambayo wenyewe huiita moo yaa, hulainika kwa joto la mchana ilhali ile ya magharibi hubaki imeshikamana. Katika vikopo vyangu, mafuta yale mazito yalipoa polepole, yakajitenga na kugandana kuwa chembe.

Hata shea ya kijiji kimoja hutofautiana. Kokwa zilizokaangwa sana hutoa mafuta yenye harufu ya moshi. Zilizokaa na unyevu huanza kuchacha kabla hazijakamuliwa. Na mafuta yakisafishwa kiwandani hadi yawe meupe yasiyo na harufu, hupoteza pia sehemu ya viambato ambavyo wengi wetu tunainunulia shea. Lebo haibadiliki kwa lolote kati ya hayo. Ndivyo ilivyo pia kwa Sodium Hyaluronate, kiambato cha kutunza unyevu wa ngozi, ambacho huandikwa kwa jina hilohilo ingawa molekuli zake kubwa hubaki juu ya ngozi na kuzuia maji yasipotee, na zile ndogo hupenya zaidi.

Sasa kila muuzaji namwuliza kokwa zilitoka wapi, zilikamuliwa lini na kwa njia gani, na kama mafuta yamesafishwa; asiyeweza kujibu sinunui kwake, hata kwa bei nafuu. Vile vikopo niliviyeyusha upya, nikapunguza ugumu kwa mafuta ya alizeti, nikavipoza haraka kwenye friji, na chembe hazikurudi.