Mtaala wa mtoto mzima, baada ya kuupunguza

Wazazi wanaofikiria kuwafundisha watoto wao nyumbani huniuliza kwanza kuhusu vitabu. Mimi nami huwauliza kuhusu asubuhi: kwenu watu huamka saa ngapi, nani huamka amenuna, na nani hubaki na watoto mwenzake akienda kazini? Nilianza kuwafundisha wangu wawili binti akiwa na miaka sita na mdogo wake wa kiume ana minne. Tulichukua mtaala unaosema unamlea mtoto mzima: mwili, akili, hisia na mikono, vyote kwa pamoja. Umetufaa. Lakini umetufaa baada ya kupunguzwa karibu nusu, na kilichosalia kilitufaa kwa sababu kilipata nafasi yake katika siku yetu.

Mtaala wenyewe ulikuwa mchanganyiko, kama ilivyo mingi ya aina hii. Ndani yake kuna mawazo ya waelimishaji watatu. Kuna Maria Montessori, aliyefungua kituo chake cha kwanza cha watoto Roma mwaka 1907. Kuna Rudolf Steiner, ambaye shule yake ya kwanza ilianza Stuttgart mwaka 1919 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Na kuna Charlotte Mason wa Uingereza, aliyehimiza masomo mafupi na kumwachia mtoto asimulie alichosikia. Waandaaji hawasemi sana kipi kimetoka kwa nani. Nilikaa nikachambua mwenyewe, na kazi hiyo ndiyo iliyonionyesha pa kukata. Vifaa vya Montessori vilibuniwa kwa chumba chenye watoto wengi wa miaka mitatu hadi sita, ambamo mdogo hujifunza kwa kumtazama mkubwa. Somo kuu la Steiner, la karibu saa mbili kila asubuhi juu ya mada moja kwa wiki tatu au nne, linamtegemea mwalimu ambaye hapiki wala hafui huku akifundisha. Mason peke yake ndiye aliyekuwa akiandika huku akimfikiria mzazi aliye nyumbani na watoto wake.

Kwa hiyo duara la asubuhi, ambapo watoto husimama wameshikana mikono kabla ya masomo, lilikuwa la kwanza kuondoka. Watu watatu wakishikana mikono hawafanyi duara, wanafanya pembetatu, na binti yangu alilisema hilo kabla yangu. Tulichobakiza ni mwendo: mashairi mafupi ya kupiga makofi na hatua, kuruka, kutembea juu ya kamba iliyolazwa sakafuni, kurushiana mfuko wa maharage huku tukihesabu. Robo saa tu. Baada ya hapo mtoto wa miaka sita anaweza kukaa, na kabla ya hapo hawezi, hata umbembeleze vipi.

Saa tatu na nusu linaanza somo la kukaa. Mason alisema kwa watoto wadogo somo lisizidi dakika ishirini, na katika mambo yote niliyoyasoma, hili ndilo ninaloweza kuliapia. Dakika ishirini za mtoto aliye makini zinamaliza kazi. Baada yake zinafuata kazi za mikono, kisha hesabu fupi, kisha nje. Walimu wanaofuata njia ya Steiner hulinganisha siku na kuvuta na kutoa pumzi: kipindi cha kujikusanya, kipindi cha kujiachia. Nilidhani ni maneno ya kupamba tu, mpaka nilipoona kwamba ugomvi wa watoto wangu ulikuwa ukizuka karibu kila mara nilipounganisha masomo mawili ya kukaa.

Sasa suala la kusoma, maana hapa ndipo wazazi wengi hukosa usingizi. Hawa watu watatu hawakubaliani. Montessori aliwapa watoto wa miaka minne herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa wazipapase kwa vidole, na wengi wao walianza kuandika kabla ya kusoma. Mason aliyaacha masomo rasmi mpaka mtoto atimize sita. Steiner alisubiri karibu miaka saba, akihusisha utayari wa mtoto na kung'oka kwa meno ya utotoni. Mtaala wetu uliegemea kwa Steiner. Binti yangu yeye aling'oka jino la kwanza akiwa tayari anasoma maandishi ya kwenye maboksi, basi nadharia ya meno tukaiweka kando kwa heshima.

Isitoshe, mtaala ulikuwa umeandikwa kwa watoto wanaojifunza kusoma Kiingereza. Miezi mingi ilitengwa kwa herufi zinazotamkwa hivi leo na vile kesho, na maneno ya kukariri kwa macho. Anayesoma Kiswahili hahitaji safari hiyo. Irabu ni tano na hazibadiliki. Ukishika ba, be, bi, bo, bu, umeshika mlango wa maneno mengi sana. Niliondoa sehemu yote ile nikaweka silabi, ila nikabakiza mikono na macho ya mtaala: herufi za msasa, kuchora herufi kubwa hewani kwa mkono mzima, kuziandika kwenye trei ya mchanga, kuzipaka rangi kwa kalamu nene za nta. Pagumu palikuwa kwingine kabisa. Alichanganya ng' na ng, kwa hiyo ng'ombe na ngoma zikawa na mwanzo mmoja. Na alishangaa kwamba katika "mbuzi" m na b hushikana, ilhali katika "mbu" m inasimama peke yake: m-bu. Hakuna ukurasa wa mtaala uliogusa hayo. Tuliyamaliza kwa makofi, pigo moja kwa kila silabi.

Bibi yao hakufurahia kasi yetu. Kila akipiga simu: "Mwanangu, huyu mtoto atasoma lini?" Nilimjibu, "Anasoma kidogo kidogo, mama. Ila kusimulia anasimulia vizuri." Hakuridhika, na sikumlaumu, katika maisha yake yote kusoma ndiko kulikopimwa.

Lakini kusimulia ndiko kulikonipa mimi kipimo. Namna yake ni nyepesi kueleza na ngumu kuifuata: unasoma kisa mara moja tu, bila kurudia, kisha unafunga kitabu na kusema, "Niambie." Humuulizi maswali. Hukamilishi sentensi yake. Mara za mwanzo binti yangu alisema mambo mawili akanyamaza, nami ilinibidi niumeze ulimi. Baadaye alianza kupanga: nani kwanza, nini kilifuata, kwa nini. Akiacha sehemu muhimu, najua hakuielewa, au hakuisikia kwa sababu nilisoma kirefu mno. Hapo napunguza kipande, sio kumwongezea mazoezi. Nilikuwa naandika mistari michache ya aliyoyasema, yenye tarehe, kwenye faili. Faili hilo lina thamani nyingine pia: sheria za kufundisha nyumbani hutofautiana mno kati ya nchi na nchi. Kuna zinazotaka mzazi ajiandikishe na aonyeshe maendeleo, na kuna kama Ujerumani ambako mtoto hana budi kwenda shule, isipokuwa kwa nadra sana. Uliza kwanza, nunua mtaala baadaye.

Hesabu ndiyo iliyokuwa dhaifu. Visa vya namba vilikuwa vitamu, vyenye wafalme na wanyama, lakini mtoto anapenda kisa halafu bado hajui saba na tano ni ngapi. Niliongeza mazoezi ya kila siku, vijiti na vifuniko vya chupa, na mafungu ya kumi kumi yaliyofungwa kwa uzi. Kiswahili kilinisaidia hapa: kumi na moja, kumi na mbili, mpaka kumi na tisa, namba inajieleza yenyewe. Kisha inakuja ishirini na msaada unakatika. Sita inakaribiana na sitini, saba na sabini, tisa na tisini. Ila nne haikuambii chochote kuhusu arobaini, wala tano kuhusu hamsini. Tulikwama hapo kwa muda. Kilichotukwamua ni mafungu ya vijiti: anayashika manne, anasema "kumi nne", ndipo namwambia jina lake ni arobaini. Mkono ulitangulia, jina likafuata.

Mdogo hakuwa na masomo, na sikumpa. Alikuwa na kazi: kumimina maji toka jagi hadi jagi, kukunja vitambaa, kufagia eneo lililochorwa kwa chaki, kufunga na kufungua vifungo. Montessori aliziita kazi hizi za maisha ya kila siku, na kwangu zilikuwa pia njia pekee ya kupata zile dakika ishirini na dada yake. Maji yalimwagika, bila shaka. Kitambaa cha kufutia kilikaa mahali anapofikia, na kufuta nako kukawa kazi.

Kuhusu vitu vya kununua nina neno kali kidogo. Baadhi ya mitaala hii huuza mandhari: midoli ya mbao laini, vitambaa vya hariri, picha za vyumba visivyo na vumbi. Mtoto hahitaji hariri ili ajue rangi. Nilinunua rangi za maji tatu, nyekundu, njano na bluu, brashi nene na karatasi nzito, na wao wenyewe wakagundua kijani. Mengine yalitoka jikoni na kwenye maboksi.

Siku mbovu zipo: mtu ana homa, au mimi nina kazi ya kupeleka kwa mteja kabla ya mchana. Kwa siku hizo baba yao na mimi tulikubaliana mambo matatu yasiyoachwa: kusomewa kwa sauti, kutoka nje, na kazi moja ya nyumbani. Yakifanyika hayo, siku imehesabiwa.

Mdogo sasa ametimiza sita, na nimezitoa tena kurasa za mwaka wa dada yake. Nyingi hazimfai. Huyu anahesabu kila kitu na kusimulia hapendi. Ukimwambia "Niambie," anachora. Kwa hiyo hesabu imepanda hadi saa tatu na nusu, silabi zimeshuka baada ya kutoka nje, na kisa anakichora kwanza ndipo anizungumzie mchoro wake. Dada yake humsomea ninapokuwa na kazi, na mdogo akianza kuuelezea mchoro wake, humkatiza kila baada ya sentensi. Hilo bado tunalifanyia kazi.