Siku 14 za banda la nyuma

Jumamosi ya wiki iliyopita, sijamaliza hata kusonga ugali wa mbwa, mzee mmoja alishuka kwenye bodaboda getini kwenye kituo chetu cha kutunza mbwa amekumbatia kiroba. Ndani yake mlikuwa na mbwa jike, kichwa tu kimetokeza. Alimwokota mtaroni nyuma ya soko la Kilombero, hapa Arusha. Mguu mmoja wa nyuma haukanyagi, mbavu zinahesabika, na masikioni kupe wamejipanga kama punje za mbarika.

Nikamwuliza mzee kama amemng'ata. Akasita kidogo, kisha akanionyesha kidole gumba: vialama viwili, damu imeshakauka.

"Alikuwa anaogopa tu, mwanangu. Wala haiumi."

Nikamshika mkono mpaka bombani. Dakika 15, sabuni na maji yanayotiririka, nami nimesimama pembeni naangalia saa. Mwanzoni alicheka. Ilipofika dakika ya saba alikuwa ameacha kucheka. Tukamrudisha kwenye bodaboda ileile, moja kwa moja hospitali, akachomwa chanjo ya kwanza siku hiyohiyo. Kwenye hili sina mjadala na mtu, hata awe na umri wa baba yangu. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, wanaopona ni wa kuhesabu duniani kote. Kabla ya dalili, sabuni na chanjo vinaokoa.

Lakini kilichomuudhi mzee hakikuwa sindano. Aliudhika kabla hajaondoka, alipoona tunampeleka mbwa wake banda la nyuma, peke yake, mbali na wenzake wote wanaobweka kule mbele.

"Nimemleta apate wenzake. Nyie mnamfunga kama mwizi?"

Sikumjibu vizuri siku ile, mikono ilikuwa imejaa kazi. Namjibu hapa, maana wengi wanaotuletea mbwa huuliza swali hilo, na wengine huondoka wakiamini hatuna huruma.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, masika, tulikuta boksi la sabuni getini asubuhi. Watoto wanane wa mbwa, umri kama wiki sita, wanene, wanakanyagana kwa michezo. Banda la nyuma lilikuwa linavuja, maji yamesimama sakafuni. Nilikuwa peke yangu zamu ile. Nikaamua kuwalaza na watoto wetu watano waliokuwa chumba cha karibu na jiko. Usiku mmoja tu, nikajisemea, kesho fundi atakuja kuziba paa.

Siku ya tano mmoja wa wale wageni aligoma kula. Jioni akatapika povu. Kesho yake asubuhi nilipofungua mlango nilikutana na harufu ambayo mpaka leo naijua kabla sijaona kitu: kuhara damu, harufu nzito, tamu ya kuchefua. Parvo.

Virusi hivi mbwa anaweza kuwa navyo siku kadhaa anacheza vizuri kabisa, na dalili zikatokea ndani ya wiki mbili. Ndiyo hesabu ya siku 14 ambazo mbwa mgeni hukaa banda la nyuma. Dawa ya kuviua ndani ya mwili hakuna. Unachofanya ni kumbakiza mtoto hai, dripu, dawa ya kuzuia kutapika, antibayotiki ili bakteria wasimalizie kazi, na joto, mpaka mwili wake wenyewe ushinde.

Katika wale watano wetu kulikuwa na mmoja wa rangi ya kahawia niliyemwita Kashata. Nilikaa naye usiku wa tatu. Daktari alikuwa ameuchoma mshipa wa mguu wa mbele, mwembamba kama uzi wa cherehani, akaufunga na plasta. Chupa ya dripu ilining'inia kwenye msumari ukutani. Mimi nilichemsha maji, nikajaza chupa za soda, nikazizungushia kanga, nikamwekea ubavuni. Kila baada ya nusu saa nilibana ngozi ya shingo yake kwa vidole viwili nikaiachia. Ya mbwa mzima hurudi palepale. Ya Kashata ilibaki imesimama kama kibanda, ikashuka polepole. Kuna wakati, kama saa tisa usiku, ilirudi haraka kidogo. Nilimwamsha babu mlinzi kumwambia. Saa kumi na moja Kashata alikufa.

Katika watoto 13 walibaki sita. Wale wanane walikuja na ugonjwa wao, hilo silo langu. Lakini Kashata na wenzake hawakuja nao. Mimi ndiye niliyewapelekea.

Baada ya hapo tuliosha. Kwanza unasugua uchafu wote kwa sabuni, kwa sababu jiki ikikutana na kinyesi haina nguvu. Kisha sehemu moja ya jiki kwa sehemu 30 za maji, unaacha dakika 10, unasuuza. Sakafu ya saruji inakubali. Udongo haukubali. Uwanja mdogo wa nje waliokuwa wakichezea tuliufunga mwaka mzima, kwa sababu parvo hukaa udongoni miezi na miezi, hasa penye kivuli, inamsubiri mtoto mwingine asiye na chanjo.

Udongo huo unanikumbusha nyumbani. Mimi ni mtu wa Pangani, binti wa Kiislamu, na kwetu sisi Washafii mate ya mbwa ni najisi: unaosha mara saba, moja kwa udongo. Nilipompigia mama kumwambia kazi niliyopata, alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza:

"Wanakulamba?"

"Wanalamba, mama."

Hakusema zaidi. Nilipokwenda likizo nilikuta kando ya bomba la uani kopo la maziwa ya unga limejaa udongo msafi, umechekechwa, hauna hata jiwe. Lipo pale mpaka leo, halitumiwi na mtu mwingine. Sijawahi kuombewa dua iliyonigusa kama lile kopo.

Nirudi kwa jike wetu. Daktari alimpima damu, ana homa ya kupe, anameza doksisaiklini. Mguu haukuvunjika, ni jipu, limepasuliwa. Nguo na buti za banda la nyuma haziendi banda lingine, na kwake nafika mwisho baada ya kuwahudumia wengine wote. Siku nne za kwanza alikula nikishageuka tu. Siku ya sita alikula dagaa nikiwa nimekaa mlangoni nimempa mgongo. Nakaa naye hivyo nusu saa kila jioni, simgusi. Kutengwa si kuachwa, mzee wangu.

Kwa sababu alimng'ata mtu, tulikuwa tunahesabu na siku nyingine sambamba na zile 14: siku 10 za kumwangalia. Mbwa aliyekuwa na virusi vya kichaa mateni pale alipong'ata hawezi kumaliza siku hizo akiwa mzima. Jana zilitimia, naye alibweka kwa mara ya kwanza, akimbwekea kunguru aliyetua paani.

Mzee alikuja jana hiyohiyo, kidole kimeshafunga. Alisimama nje ya wavu akamtazama sana. Akauliza tumempa jina gani. Nikamwambia banda la nyuma hatutoi majina, tangu Kashata.

"Mimi nilishampa, kwenye bodaboda," akasema. "Sikujua."

Nimeliandika kwa chaki kwenye ubao wa mlango wake, chini ya namba 11.