Tafuta samaki kwanza, meza itafuata

Kila mwisho wa mwezi mshahara ukishaingia tu simu yangu haitulii. Dada, Jumamosi tunataka samaki, twende wapi? Shangazi, wakwe wanakuja kutoka Arua, tuwapeleke mahali gani pa heshima? Na siku hizi kuna hawa vijana wanaoona video za pwani kwenye TikTok, wao wanauliza kama Uganda kuna tamasha la samaki na kamba na pweza. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, nikaona bora niandike hapa kwa Kiswahili chetu, maana wengi wanaoniuliza ni watu wa Arua, wa Bombo, na majirani zangu wa Kisenyi ambao Kiswahili ndicho wanachoongea nyumbani.

Mimi nikitaka kula samaki siangalii mgahawa kwanza, namuangalia samaki. Nauliza ametoka maji gani, ametoka lini, na kati ya mtumbwi na mafuta amelala wapi. Nikishapata jibu la hayo ndio natafuta meza.

Tuanze na siku za kawaida, ile Jumamosi mnajisikia tu kutoka. Mimi naenda Ggaba, hapa Kampala kando ya Ziwa Victoria. Unapita Kabalagala, Kansanga, Bunga, barabara inaishia ziwani kabisa na soko liko hapo hapo kwenye mwalo, pale mitumbwi ya samaki inapotia nanga. Watu wengi wanaenda saa tisa saa kumi jioni wakishaoga na kupendeza, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu nyavu za ngege (sato) na mputa (sangara) zinalazwa majini usiku na mitumbwi inarudi asubuhi. Ukifika saa nne asubuhi unachagua, ukifika jioni unachaguliwa. Mama ninayenunua kwake ananijua sasa, nikifika tu anafunua gunia lenye maji, anamshika ngege kwenye shavu na kumfungua, ananionyesha ndani. Pakiwa pekundu kama damu mbichi, sawa. Pakiwa pa kahawia namwambia nyabo, huyu muache. Halafu mimi mwenyewe nabonyeza tumbo kwa kidole, nyama ikirudi juu haraka nanunua, shimo likibaki sinunui hata anipunguzie nusu ya bei. Macho nayo yawe yametuna na kung'aa, yakishaingia ndani na kuwa na ukungu huyo amelala.

Kutoka hapo samaki anaparuliwa magamba mbele yako, anachanjwa mistari mitatu minne kila ubavu mpaka kisu kiguse mfupa, chumvi inaingizwa kwenye ile mistari kwa vidole, kisha anatumbukizwa mzima kwenye karai la mafuta yanayochemka. Ile mistari ndiyo siri yote, maana mafuta yanaingia mpaka ndani, kingo zinakauka na kuwa ngumu kidogo na katikati nyama inabaki nyeupe na laini. Unaletewa na chipsi au muhogo, kachumbari, kipande cha ndimu, na mnakula kwa mikono. Uma wa nini. Mulungu kule Munyonyo ni hivyo hivyo, samaki mzima wa kukaanga na upepo wa ziwa, na bei inategemea ukubwa wa samaki kwa hiyo ulizeni kabla hajaingia kwenye mafuta, na mseme mko wangapi, ngege mmoja mkubwa anatosha watu wawili wenye njaa ya kawaida.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Ukiletewa mputa mdogo wa urefu wa kiganja, mrudishe. Sheria inasema mputa wa chini ya inchi 20 asivuliwe, na mwaka 2017 jeshi liliingia ziwani kwa ajili ya hayo mambo ya uvuvi haramu, watu wamechomewa nyavu na mitumbwi, familia zimeyumba, halafu sisi wa mjini tunakaa mezani tunaagiza watoto wa samaki kwa sababu ni bei rahisi? Hapana. Na tukumbuke ziwa hili limeshapoteza mengi. Mputa mwenyewe aliletwa, alimwagwa humu miaka ya hamsini na sitini, akakua akala vijisamaki vya asili kwa wingi mno. Hata huyu ngege tunayemla leo mara nyingi ni wa kuletwa vilevile, ngege wa asili ya Victoria amebaki wa kutafutwa kwa tochi.

Mukene (dagaa wa ziwani) nao una kalenda yake. Unavuliwa usiku kwa taa, wanafuata mwanga, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti na mukene unakuwa haba. Ukitaka mukene mbichi wa kukaangwa na vitunguu mpaka ukavunjika mdomoni, angalia giza la usiku kwanza ndio upange safari.

Sasa siku maalum. Hapa nina kidonda changu. Mzee wetu alipofikisha miaka sabini tulichanga ndugu wote, tukaamua safari hii tumpeleke hoteli kubwa, vitambaa vyeupe, weita wamevaa tai, na jioni hiyo walikuwa wametangaza usiku wa vyakula vya bahari. Tulifurahi sana, Mzee hakuwahi kula kamba maisha yake yote. Kamba walipoletwa nilisikia harufu kabla sahani haijafika mezani, ile harufu kali inayochoma pua kama ya choo cha shule, na kamba akinuka hivyo ujue ameharibika. Nikamuita weita, akamuita mkubwa wake, mkubwa akasema ndivyo vitu vya bahari vinavyonuka. Mzee kwa adabu yake akala wawili. Usiku ule alitapika mpaka asubuhi, na mimi ndiye niliyechagua ile hoteli.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa kuuliza wanaofanya kazi jikoni. Kutoka Mombasa mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, kamba anasafiri akiwa barafu, na hilo peke yake si kosa, kamba aliyegandishwa vizuri na kukaa kwenye baridi isiyokatika ni salama na mtamu. Shida ni pale barafu inapoyeyuka njiani au umeme unapokatika kwenye stoo, anayeyuka halafu anagandishwa tena. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia anataka vitu vya bahari Kampala namwambia piga simu kabla, uliza mzigo umeingia lini, na sahani ikifika nusa kabla hujashika uma, ikikataa pua usione haya hata kama ni harusi.

Mwaka uliofuata tulimfanyia Mzee Entebbe, na kule ndipo nilipojifunza namna ya kupanga. Siku tatu kabla nilienda mwenyewe Kasenyi asubuhi nikaongea na mama mmoja wa mwaloni na mpishi wa kibanda kimoja cha ufukweni chenye kivuli cha miti. Sikuomba menyu. Nilisema tuko watu kumi na wanane, wazee sita, watoto watano, tunataka mputa mkubwa mmoja, nusu akaushwe kwa moshi apikwe kwa binyebwa na nusu akaangwe vipande, ngege wanane wa kuchoma, matooke, wali, na kalo (ugali wa wimbi) kwa ajili ya Mzee. Nikatanguliza nusu ya pesa. Siku yenyewe tulipofika saa saba vyungu vilikuwa vinachemka tayari. Yule mputa wa moshi kwenye binyebwa, mchuzi mzito wa njugu umeshikana na nyama, Mzee alionja akanyamaza. Akasema hii imenipeleka kwa mama yangu. Nyumbani Arua tulikula angara, samaki mkavu wa Ziwa Albert, akipikwa kwa odi (siagi ya njugu na ufuta), na enyasa (ugali wetu) pembeni, na mkono wa yule mpishi wa Kiganda ambaye hajawahi kufika Arua ulikuwa umegusa ladha ile ile.

Mkiwa na wageni mchanganyiko samaki anawaokoa kweli. Meza yetu ina Waislamu, ina Wakatoliki, na kwa samaki hakuna wa kuuliza nani amechinja. Lakini ulizeni bado! Wasabato hawali samaki asiye na magamba, kwa hiyo semutundu na male, hao kambare, msiwawekee. Na mgeni wa Kiganda wa ukoo wa Mmamba hali mamba (samaki kamongo, si yule mamba mnyama wa mtoni), ndio mziro wake, mwiko wa ukoo, na wamama wengi wa Kiganda wa umri wa mama zetu hawagusi mamba hata kama si wa ukoo huo. Mimi niliwahi kuona mama mkwe wa rafiki yangu akiinuka mezani kwa sababu hiyo, hakusema neno, aliinuka tu.

Na angalieni tarehe. Ijumaa Kuu Wakatoliki hawali nyama, bei ya samaki inapanda tangu katikati ya wiki na ngege wazuri wanaisha mapema. Idd na siku ya pili ya Krismasi fukwe za Entebbe zinajaa mpaka huoni maji, samaki anakaangwa kwa haraka, nje kahawia ndani mbichi. Sherehe yenye wazee siipeleki huko siku hizo, naisogeza wiki moja.

Kuhusu matamasha. Msikae mkisubiri tangazo, mwaloni kuna sikukuu kila asubuhi ambayo mitumbwi imerudi mizito, hiyo ndiyo naijua mimi. Ukitaka muziki na umati pamoja na chakula, upande wa Jinja kuna tamasha la muziki la Nyege Nyege lililoanza 2015, watu wanakwenda kwa ajili ya ngoma lakini ukiwa kule usikose kuteremka Masese asubuhi mwaloni, mtaamka na usingizi lakini mtashukuru.

Wenye hamu ya bahari yenyewe, pweza na ngisi na kamba aliyetoka majini leo, wekeni akiba mwende pwani. Basi za Mombasa zipo kila siku. Ila muende na msimu, kusi ikivuma kuanzia Mei mpaka Septemba bahari inachafuka na vyombo vidogo vinabaki ufukweni, samaki anapungua na bei inapaa. Kaskazi ndiyo yenu, Desemba mpaka Machi, bahari imetulia. Lamu wana tamasha lao la utamaduni ambalo mara nyingi huwa Novemba, mashua zinashindana na punda wanashindana na vyakula viko kila kona. Na Unguja jioni mtu asikose Forodhani, pale wanapouza vyakula usiku, nilikaa pale kwenye ukuta na mshikaki wa pweza, ukwaju unanitiririka mkononi, nikatamani ndugu zangu wote wangekuwepo.

Hoteli za tai na vitambaa sizikatai, zipo zinazopika ngege vizuri sana, na kwa posa au kwa mzee asiyeweza kukaa kwenye benchi la mbao zinafaa, kuna choo kisafi na hakuna jua. Ila hata huko naingia nauliza yale yale, wametoka wapi, wamefika lini, na nikiona weita anaenda kuuliza jikoni akarudi na jibu la kweli, hata kama jibu lenyewe ni samahani mama wa leo hawajafika, mahali hapo narudi tena.

Mzee ameanza kusema anataka kuona Panyimur kabla miguu haijakataa, akale angara mbichi pale pale Ziwa Albert wanapotolewa. Tumekubaliana tuende baada ya Idd, tukusanyane kwanza Arua halafu tushuke na magari mawili. Kama kuna mtu wa Panyimur anasoma hapa, niambie mitumbwi inarudi saa ngapi na nani pale anapika kwa odi.