Presha, ujauzito na dawa niliyobadilishiwa mapema

Presha ilinianza kabla sijaolewa, na kwa muda mrefu nilitumia losartan kila asubuhi bila shida yoyote. Mimi na mume wangu tulipoamua kutafuta mtoto, nilienda kwanza kwa daktari anayenifuatilia hapa Mbeya, maana karatasi ya dawa ile inasema wazi mjamzito asiitumie.

Daktari alinieleza sababu. Katika nusu ya pili ya ujauzito, maji yanayomzunguka mtoto tumboni kwa sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe. Losartan, na vilevile dawa nyingine za presha, captopril, enalapril na lisinopril, zinaweza kudhoofisha figo zake. Mkojo ukipungua, maji ya uzazi nayo yanapungua. Mtoto anabanwa, mapafu hayakui sawasawa, mifupa ya fuvu haikomai, na wengine hupoteza maisha. Hatari kubwa zaidi iko miezi ya kati na ya mwisho, kwa hiyo aliyeshika mimba huku anazimeza asikate tamaa, awahi kituo cha afya abadilishiwe.

Nasema abadilishiwe, sio aache tu. Shangazi yangu wa Tukuyu, ambaye ananipenda sana, alinisihi: "Mwanangu, acha hivyo vidonge vyote, utamdhuru mtoto." Nikamwambia, "Shangazi, hata presha yenyewe inamdhuru." Ikiachwa ipande, kondo la nyuma linaweza kubanduka kabla ya wakati, mtoto akadumaa tumboni, mama akapata kiharusi. Alinyamaza kidogo. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa ananipigia kuuliza kama nimemeza dawa.

Nilihamishiwa methyldopa, mara tatu kwa siku. Mwanzoni ilinilegeza kweli, nasinzia dukani Mwanjelwa wateja wakiwa mbele yangu, halafu mwili ukazoea. Presha ilipokaidi wakaongeza nifedipine, ile inayofanya kazi taratibu. Mimba ilipofika wiki 12 nikaanzishiwa pia aspirini ya dozi ndogo, ya kupunguza uwezekano wa kupata kifafa cha mimba. Hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, si ya kujinunulia.

Kliniki nilipata nesi makini. Kwanza ananikalisha nitulie, mgongo umeegemea kiti, miguu sakafuni, ndipo anafunga mkanda wa mashine mkononi. Kisha anachovya kijikaratasi cha kupimia kwenye mkojo wangu na kukilinganisha na rangi zilizo ubavuni mwa kopo, anatafuta protini. "Mama, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au ukisikia maumivu chini ya mbavu za kulia, usisubiri tarehe ya kliniki," alinisisitizia. Nyumbani nilijipima mwenyewe: ikifika 140/90 napiga simu, 160/110 ni dharura, naondoka hata kama ni usiku na mvua ya Mbeya inanyesha.

Mtoto alizaliwa salama, analia kwa nguvu. Methyldopa wakaiondoa, kwa kuwa inaweza kuchangia sonona kwa mama aliyejifungua, nikabaki na nifedipine huku nanyonyesha. Kwa uzazi wa mpango nilichagua kipandikizi, kwa sababu vidonge vyenye estrojeni vinaweza kupandisha presha. Daktari ameshaniambia: nikirudishwa kwenye losartan, kipandikizi hakitolewi mpaka tukae tena tupange dawa upya.