Tulivyolala kwenye Uwanja wa Dagaa

Kama kuna kikundi cha vijana kinachopanga kupiga kambi Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, likizo ya Juni, nawaomba wasome haya kabla hawajamtumia mtu hela.

Mama alikuwa hataki kabisa mdogo wangu aende. Sisi ni wa Igoma, Mwanza, na aliyefika Igoma anajua makaburi ya wale wa MV Bukoba yako pale. Meli ile ilizama tarehe 21 Mei 1996, lakini nyumbani kwetu ukitaja safari ya majini mama bado anaacha anachokifanya na kukutazama. Halafu ikaja ya MV Nyerere, Septemba 2018, kule Ukara, kisiwa jirani na Ukerewe. Ikabidi mwalimu mlezi wa vijana wa parokia aje mwenyewe sebuleni, akae, anywe chai, aahidi kwamba tutapanda meli ya kawaida ya Nansio mchana kweupe, na kwamba hakuna mtoto atakayekanyaga mtumbwi. Ndipo mama akaruhusu, naye akatufungia mihogo ya kuchemsha inayotosha kikosi.

Melini hakuna kubwa la kusimulia. Mabenchi ni magumu, soda bei juu, na zile saa tatu na ushee tuliimba mpaka abiria wengine wakaanza kuitikia.

Tatizo lilitusubiri ufukweni. Mmoja wa kamati alikuwa amepata namba ya mtu aliyejitambulisha kama mwenye eneo. Walikubaliana shilingi laki moja na nusu, na katika hizo tuliahidiwa sehemu safi, choo cha kisasa na ulinzi usiku. Gari tulilokodi Nansio lilichelewa, tukafika giza likiingia. Sehemu ilikuwa safi kweli. Mchanga umefagiliwa, hakuna jani, hakuna jiwe, na nyuma yake miamba mikubwa inakinga upepo. Yule bwana akapokea hela iliyobaki, akatuonyesha choo (shimo lililozungushiwa viroba, mlango hakuna), akasema mlinzi ni yeye mwenyewe na anarudi sasa hivi. Hatukumwona tena.

Usiku ule tuliufurahia, siwezi kusema uongo. Tulikula ugali na sato wa kukaanga aliyenunuliwa pale pale mwaloni, boti za wavuvi zinapotia, wasichana wakawashinda wavulana kwenye mafumbo ya Biblia, na mbele yetu ziwa lilikuwa limejaa taa za wavuvi kama mji mwingine umeota majini. Tulidhani ni pambo tu la kutazama. Hakuna aliyewaza kwamba zile taa zinakuja kwetu.

Alfajiri nilisikia ndoo zinagongana, kisha sauti ya mwanamke juu ya hema letu.

"Hodi humo ndani! Nani kawalaza kwenye uwanja wetu?"

Nikachungulia. Walikuwa akina mama wengi, ndoo vichwani zikichuruzika maji, kanga zimefungwa viunoni. Mwalimu mlezi akatoka na shuka begani, akamwamkia yule aliyeonekana mkubwa wao, mwenye kilemba cha kijani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hawa watoto ni wako?"

"Ni wangu, mama. Tumelipia hapa."

"Mmemlipa nani? Hapa ni pa kuanikia dagaa. Kila mtu ana kipande chake, na jana jioni tumefagia wenyewe."

Kumbe ndiyo maana ya ule usafi. Mama yule hakutukana wala kupandisha sauti, na labda ndiyo sababu maneno yake yalitushika. Alieleza kwamba boti zimeshapiga mwalo, dagaa wameshanunuliwa kwa ndoo, na wengine wamenunua kwa hela waliyokopa kikoba, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa. Dagaa wabichi hawamsubiri mtu. Wasipotandazwa jua linapochomoza, mchana wananuka.

Sijawahi kuona kambi ikivunjwa vile. Vigingi viling'olewa kwa mikono, nguzo ya hema moja ikavunjika, sufuria ya uji ikahamishwa ikichemka. Kijana mmoja mwenye usingizi mzito alibebwa na godoro lake mpaka kwenye miamba, akaamka jua likiwa juu, akauliza ziwa limehamia wapi. Akina mama walicheka mpaka wakaweka ndoo chini, na kile kicheko ndicho kilichotupatanisha.

Tukabaki kuwasaidia. Kuanika dagaa si kumwaga. Unateka kiganja, unarusha kwa kifundo cha mkono ili wadondoke mmoja mmoja wasilaliane, maana waliorundikana wanaoza upande wa chini. Mdogo wangu aliiweza kazi haraka, akawa anaitwa huku na huku. Wenye nyavu kuukuu walitandika nyavu kwanza. Wasio nazo walianika juu ya mchanga mtupu. Wawili tu walikuwa na vichanja, vile vya miti na wavu wa waya vinavyowainua dagaa kutoka ardhini.

Hapo nikaikumbuka Igoma. Nyumbani dagaa hawakosekani, na hakuna siku mama amewachambua bila kulalamika juu ya michanga. Anawaosha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku akiwasema wauzaji wa sokoni kwamba wanaongeza mchanga ili kopo lijae. Nami nimekua nikiamini hivyo. Nilipomuuliza mama wa kilemba kwa nini wote wasiwe na vichanja, alinijibu kwa kuhesabu vidoleni: miti, waya, misumari, fundi. Kisha akanyoosha mkono kuonyesha uwanja wote. Sikuuliza tena.

Ilipokaribia saa sita wingu likatokea upande wa magharibi. Juni! Hakuna aliyebeba koti la mvua Juni. Wale mama walilitazama mara moja, wakaanza kukimbia bila kuambizana. Mfagio, karai, kiroba. Mfagio, karai, kiroba. Mwalimu mlezi akapiga kelele tulete mahema. Tukayafungua yote, tukayatandaza juu ya dagaa, tukakalia kingo upepo usiyapeperushe. Hata turubai la jikoni lilikwenda. Tulilowa chapachapa tukiwa tumekaa juu ya kingo za mahema yetu, na mtu akaanzisha wimbo, nao wakaupokea.

Dagaa wengi waliokolewa, ila si wote. Mama mmoja mdogo, mtoto mgongoni, kipande chake kilikuwa mwisho kabisa kwenye mawe, na hatukuwahi. Mvua ilipokatika alikaa akichambua, kisha akaacha. Dagaa walionyeshewa hivyo hununuliwa kwa ajili ya chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa, na deni la kikoba haliulizi kama mvua ilinyesha. Tulichanga tulichokuwa nacho mifukoni, akapokea kwa mikono miwili. Hakikutosha, najua. Yule bwana wa laki na nusu ndiye ninayemfikiria kila nikikumbuka mikono ile. Simu yake haipatikani, na hela haijarudi.

Jioni ile mama wa kilemba alituhamishia chini ya miembe ya kwake, choo chake kina mlango, na hakutaka senti. Siku zilizobaki zilikwenda kwa mpira, sala na kuoga kwenye maji ya wazi penye miamba, mbali na matete, kwa sababu mwalimu mlezi hana mchezo na kichocho.

Mama wa kilemba ndiye aliyetufundisha namna ya kuchagua siku. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwaka ziwa zima linakuwa na mwanga, taa haiwavuti tena. Basi mbalamwezi ikikolea boti zinapumzika, wavuvi wanashona nyavu, na uwanja unabaki mtupu. "Mngekuja kwenye mbalamwezi," alisema, "mngelala mpaka saa nne na nisingewaamsha."

Kamati imeshakaa. Namba ya mama wa kilemba iko kwenye daftari la mwalimu mlezi, na tarehe za mwakani zitapangwa kwa kuangalia mwezi mpevu wa Juni kwanza. Ukigongana na mitihani ya wenzetu wa kidato cha nne, tutasubiri ule wa Julai.