Wa kuangaliwa akishika simu ni baba mtu

Mume wangu ana ekari moja ya zabibu Hombolo, hapa Dodoma, na siku hizi mshauri wake ni akili mnemba. Juzi aliiuliza apogolee lini. Ikamjibu kwa Kiswahili kilichonyooka: asubiri majira ya baridi, mizabibu ipukutishe majani, apogolee mara moja kwa mwaka. Akatusomea jibu zima sebuleni kama anasoma risala.

Binti yetu wa kidato cha tatu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Baba, hiyo ni mizabibu ya Ulaya. Ya kwetu si inavunwa mara mbili?"

Na kweli. Dodoma hakuna baridi kali ya kuilaza mizabibu. Ukipogolea, miezi minne hivi unachuma, na kwa mwaka unavuna misimu miwili.

"Ila imeandika Kiswahili safi," akajitetea baba mtu.

Sisi watu wazima ndivyo tulivyo. Kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, wanaosambaza video za kutengenezwa ni mashangazi na wajomba. Watoto ndio wanaoandika "hii feki", halafu wanaambiwa hawana adabu.

Binti anaitumia akili mnemba kwa kazi nyingine. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, kufika kidato cha kwanza masomo yakageuka Kiingereza. Likizo anapiga picha ukurasa wa kemia, anaomba aelezwe kwa Kiswahili, kisha anarudi kwenye kitabu kuhakikisha. Baba yake anauita uvivu. Mimi sikubali, tusheni hapa Nkuhungu tunailipia na haimwelezi hivyo.

Kinachonisumbua ni maswali ya usiku, anayoiuliza hiyo akili mnemba na haniulizi mimi. Nilipomgusia akasema, "Mama, kule hakuna anayejua mimi mtoto wa nani." Limenikaa hilo. Nikamwambia maongezi yale hayapotei yenyewe, yanabaki kwenye akaunti, na akaunti yenyewe ni ya baba yake. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba simu.

Kwa hiyo nimepanga hivi: yeye ataendelea kuitumia, maswali ya usiku aanze kwangu au kwa mama mdogo. Baba yake asishike mkasi wa kupogolea kabla binti hajasoma jibu, au aende TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo wanakotafiti zabibu zetu hizi hizi.

Shida ni kwamba shule inafunguliwa Jumatatu, bwenini simu haziruhusiwi, na simu inabaki kwa baba.